Chaki kwenye bati la Gerezani

Jana fundi alikuja kuchomelea bawaba ya geti, na ile harufu ikanikuta jikoni: chuma kilichoungua, rangi ya zamani, moshi wa kijiti. Nikaviacha vitunguu motoni. Binti yangu alikuwa amesimama barazani, kiganja usoni, anachungulia katikati ya vidole. Nikamvuta ndani.

"Mama, ule ni moto au ni umeme?"

Swali hilohilo nilimuuliza Baba kwenye kibanda chake cha kuchomelea, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa na umri kama wake. Alinijibu, "Ni vyote viwili, na usiangalie." Niliangalia. Usiku ule macho yalijaa mchanga, nikalia mpaka alfajiri, naye akakesha ananikanda kwa kitambaa cha maji baridi. Nilikuja kujua jina la nilichokiona nikiwa chuoni: plasma, gesi iliyopashwa joto mpaka elektroni zikabanduka kwenye viini vyake. Nimekula mshahara wa kitu hicho maisha yangu yote ya kazi.

Lakini iliyonirudia jana kwa harufu ile ni jioni ya Jumanne, 13 Desemba 2022. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Culham, maabara ya Uingereza nilikokuwa nafanya kazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, mageti mawili ya wateja yamelala chini nusu nusu, na Baba amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, miwani ya kazi imepanda kwenye paji la uso. Mimi nina simu mkononi na bando la kutosha. Saa kumi na mbili kamili Wamarekani walikuwa wanatangaza kutoka Washington habari ambayo sisi wa fani tulishaanza kunong'onezana: tarehe 5 ya mwezi ule, maabara ya Lawrence Livermore kule California ilikuwa imepiga kidonge cha fueli kwa leza 192, na kidonge kikawaka. Nishati tunaipima kwa megajuli: 2.05 zimeingia, 3.15 zimetoka.

Sisi Culham tulikuwa tunaushikilia moto kwa sumaku, wao wanaukandamiza kwa leza. Njia mbili, lakini ndoto ni moja: kuunganisha viini vya hidrojeni kama jua linavyofanya. Tangu miaka ya 1950 watu walikuwa wanaitafuta siku hiyo, na hakuna maabara iliyowahi kupata kutoka kwenye fueli nishati kuzidi ile iliyopelekwa kuiwasha. Nilitetemeka. Nikamwambia Baba, "Wamewasha! Umetoka mwingi kuliko ulioingia!"

Baba akasimama. Aliwaita watu: fundi mwenzake wa kibanda cha pili, kijana wa kupaka rangi, mama lishe wa ng'ambo ya barabara ambaye alikuwa anaosha masufuria. "Njooni mumsikie mwanangu." Wakaja kweli. Nikawaeleza kidonge kilivyo kidogo, kama punje ya pilipili manga, kimewekwa ndani ya mkebe wa dhahabu ambao ungekaa kwenye ncha ya kidole. Kijana wa rangi aliuliza kama mkebe wenyewe unabaki. Haubaki.

Baba alikuwa ameshachukua chaki. Alikuwa na kawaida ya kupiga hesabu juu ya bati lenyewe analotaka kukata, si kwenye karatasi. Akaandika 2.05, chini yake 3.15, kwa zile tarakimu zake za kulala upande. Akaziangalia.

"Hizi za juu zimetoka wapi?"

"Kwenye leza."

"Na leza yenyewe imekula ngapi?"

Nilijua. Jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo, na ndilo nililoliruka. Giza lilikuwa linaanza kuingia, mwanga wa simu yangu umempiga ubavuni, naona unga wa chaki kwenye mikunjo ya kidole gumba chake, pale kovu la cheche lilipo. Hakunitazama. Alikuwa anasubiri namba aiandike.

"Kama mia tatu, Baba."

"Mia tatu za hizihizi?"

"Za hizihizi."

"Zifanye yuniti."

Nikagawa kwa 3.6. Yuniti moja ni megajuli 3.6, hesabu hiyo naweza kuifanya usingizini. Zilizoliwa na leza ni yuniti 83 na kidogo. Zilizotoka kwenye kidonge hazifiki moja. Akaandika 83, akaandika 0.9, akapiga mstari katikati. Mama lishe alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyetajiwa bei ya nyanya.

"Mama," Baba akaniambia mimi, taratibu kabisa, "mteja nikimtajia bei ya bati nikamficha bei ya kuchomelea, si nimemwibia?"

Nikajitetea. Nikasema leza zile ni za teknolojia ya zamani, hazikujengwa ili kubana matumizi. Kilichokuwa kinatafutwa ni fueli kuwaka, na imewaka, jambo ambalo wengi walishalikatia tamaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hayo ndiyo ungeanza nayo," akasema.

Mama lishe akauliza, "Kwa hiyo ni lini?" Miaka yote nilikuwa na jibu la swali hilo, miaka ishirini, miaka thelathini, kutegemea nani anauliza. Jioni ile nikasema, "Sijui, mama." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye masufuria yake.

Baba akanigeukia: na ya kwenu? Nikamweleza JET, mashine yetu ya Culham. Desemba 2021 ilitoa megajuli 59 kwa sekunde tano, yuniti kumi na sita hivi. Sasa nilianza na upande wa pili bila kuulizwa: hiyo ni kama theluthi tu ya joto tulilotia kwenye plasma, bado sumaku hujahesabu. Nikamwambia tulikuwa na magurudumu mawili, kila moja tani 775, tunayazungusha polepole yajikusanyie nguvu kabla ya kuwasha, kwa sababu gridi isingeweza kutupa umeme wote kwa mpigo. Hapo alifurahi sana. Yeye akigusisha kijiti, taa za kibanda cha pili zilikuwa zinafifia, na fundi mwenzake alimlalamikia kwa miaka. "Unaona?" akamwambia. "Hata Ulaya."

Umeme ulirudi usiku. Bati lile likakatwa kuwa sehemu ya chini ya geti la mteja wa Mbagala, likapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, namba zikiwa bado zipo.

JET ilizimwa Desemba 2023. Baba alifariki Machi iliyofuata. Livermore wamerudia, na wamepata zaidi. Mpaka leo sijui kama jioni ile nilificha, au nilikuwa nimefurahi tu.

Binti yangu alikuwa bado anasubiri. Nikamwambia ni vyote viwili, na jina lake ni plasma, na wa kwangu ulikuwa wa nyuzi milioni 150, mara kumi ya moyo wa jua.

"Uliwaka?"

"Uliwaka. Sekunde tano. Na ulikula kuliko ulichotoa."

Akafikiri kidogo. Kisha akaenda kumwomba fundi kile kioo cheusi.