Lola na kikapu cha mkonge

Miaka mitatu nilifanya zamu ya usiku nyumbani kwa bibi mmoja wa Kifilipino, Stockton, California. Wabongo wenzangu wa huku kazi hizi zote tunaziita kubeba boksi, ingawa boksi sikuliona. Nilimgeuza mzee kitandani, nikampa dawa, nikamsikiliza. Nilimwita Lola, ndiyo bibi kwa kwao. Yeye aliniita anak, mwanangu. Alizaliwa 1927 kisiwani Leyte, na macho yalikuwa yamebaki ya kutambua mwanga tu.

Siku ya kwanza binti yake alinidokeza kwamba mama aliolewa na askari wa Kimarekani wakati wa vita. Nami nikajichorea mzungu mrefu mwenye chokoleti mfukoni. Nilipomgusia Lola, alicheka hadi akapaliwa. "Mzungu gani? Mume wangu alikuwa mfupi kuliko wewe!"

Kumbe jeshi la Marekani lilikuwa na vikosi vya Wafilipino watupu, wengi wao vibarua wa mashamba ya California. Mumewe, Mwilokano, yaani mtu wa kaskazini mwa Ufilipino, alivuka bahari 1929 akiwa kijana wa miaka ishirini. Huko wanawake wa kwao walikuwa wa kuhesabu, na kuanzia 1933 sheria ya California iliwataja "Wamalay", wao wakiwemo, kwamba hawaruhusiwi kuoa wazungu. Mahakama ilikuja kuitengua 1948. Basi wanaume wakazeekea kwenye kambi za vibarua bila mke. Mwanzoni mwa 1945, miezi michache baada ya Jenerali MacArthur wa Marekani kutua ufukweni mwa Leyte, vikosi hivyo vikafika kisiwani, na posa zikamiminika. Lola alikuwa na miaka 18, bwana 36. Viatu vya harusi aliviazima kwa binamu yake, akavirudisha jioni ileile. Yeye alisema Kiwaray, lugha ya kwao Leyte, mume Kiilokano. Wakaelewana kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Wafilipino walioruhusiwa kuhamia Marekani walikuwa 50 tu kwa mwaka. Sheria ya tarehe 28 Desemba 1945 ndiyo iliyowatoa wake wa wanajeshi kwenye hesabu hiyo, ndipo na yeye akapata meli.

"Aliyenioa alikuwa koplo, suruali imenyooka kwa pasi," aliniambia. "Aliyenipokea bandarini alikuwa mkata asparagasi. Koplo nadhani alibaki Leyte."

Nyumba yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao kwenye kambi ya vibarua, choo nje, na makapera kumi wanaosubiri awapikie. Udongo wa delta ya Stockton ni wa mboji. Vumbi lake linawasha hadi mtu anajikuna usingizini. Mwezi wa kwanza alilia kila siku. Wa pili akaanza kuwatoza wale makapera hela ya chakula. (Hapo ndipo nilipompenda.) Aliwaita manong, kaka wakubwa, na watoto wake watano walikua wakijua kwamba kila mtoto ana baba mmoja na wajomba kumi. Watoto walipoanza shule, akaingia kiwandani kusindika nyanya, zamu ya usiku kama yangu.

Kiwaray hakumfundisha mtoto hata mmoja. Alidhani anawarahisishia maisha. Mwaka wa mwisho Kiingereza kikaanza kumponyoka, kwanza majina ya vitu, kisha sentensi nzima, na saa nane za usiku alikuwa akisimulia mambo marefu kwa Kiwaray, anauliza swali, anasubiri jibu. Wa kumjibu nilikuwa mimi, mtu wa Korogwe. Nilijua neno moja, "oo", yaani ndiyo. Nikawa naitika "oo", naye anaendelea.

Kabla hajafikia hapo, mama yangu alinitumia kikapu cha mkonge kutoka nyumbani. Nilikiweka magotini pake ili ajue ni kitu gani. Vidole vikapita ukingoni, vikasimama. Akachomoa singa moja, akaivuta, akainusa, akaiweka mdomoni. Baba yake alikuwa mparua abaka, ule mgomba usioliwa ambao kamba zake dunia inaziita za Manila.

"Hii si abaka," akasema, kama aliyeuziwa samaki wa jana.

Nikamwambia ni mkonge, na kwamba babu yangu alikuja Korogwe kutoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akaukata huo mkonge na kipande chake, kadi ya kazi, mkononi, na wakati wa vita, Wajapani walipoikalia nchi yao Lola na abaka ikakatika, meli za Waingereza zilifungwa kwa kamba za kwetu.

Alinyamaza, anazisokota singa mbili pajani kwa kiganja, taratibu, mkono haukusahau. Kikatoka kikamba cha urefu wa shibiri.

"Kwa hiyo babu yako alichukua kazi ya baba yangu."

"Hakuichukua, Lola. Walimpeleka."

"Kamba mbaya. Ukiitia maji ya chumvi inaoza."

"Meli hazikuzama."

"Zilikuwa na bahati."

Tukabishana hivyo mpaka mwenzangu wa asubuhi akafungua mlango.