Siku moja maishani mwangu: mimi na pingili ya shingo ya theropodi

Saa 2 asubuhi. Nishafika maabara. Mezani kuna pingili ya shingo ya theropodi mdogo, nusu bado iko ndani ya mwamba. Theropodi ni lile kundi la dinosaria waliotembea kwa miguu miwili, kina T. rex na Allosaurus, na ndege wote wa leo wamo humohumo, sio binamu zao, wamo.

Asubuhi ni kuondoa mwamba. Natumia kifaa chenye ncha ya chuma kinachoendeshwa na upepo wa kompresa, kinagonga haraka haraka, unakishika kwa mshazari chini ya darubini na unatoa chembe moja moja. Mfupa wetu ni wa kahawia na mwamba ni wa kijivu, hapo tuna bahati, manake vikifanana rangi ni kazi kwelikweli. Leo nimefika kwenye ukingo mwembamba kama karatasi, nikasimamisha kila kitu nikadondoshea Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, nikaacha ikauke. Hii gundi ni nzuri kwa sababu asetoni hiyohiyo inaweza kuitoa hata baada ya miaka mingi, na mfupa sio wetu peke yetu.

Saa 5 hivi ndo likatokea tundu ubavuni mwa pingili. Jamani! Hilo tundu ni njia ya hewa. Ndege wana vifuko vya hewa vilivyoungana na mapafu, na vifuko hivyo vinaingia mpaka ndani ya mifupa, sasa theropodi nao wana alama zilezile, na mwaka 2005 Patrick O'Connor na Leon Claessens walitumia theropodi mmoja wa Madagaska, Majungasaurus, kuonyesha kwamba mfumo wa upumuaji wa aina ya ndege ulikuwepo kwa theropodi ambao hawakuwahi kuruka. Yaani unashika mfupa wa mnyama aliyekufa zamani hizo halafu unaona alivyovuta pumzi.

Saa 7 nakula, narudi.

Saa 8 mchana ni kompyuta. Pingili nyingine ya mnyama huyohuyo ilishapigwa CT skani, yaani eksirei inayotoa picha za ndani slaisi kwa slaisi, mimi napita slaisi baada ya slaisi nikipaka rangi mfupa na kuacha nafasi za hewa, macho yanauma lakini ndani kuna vyumba vidogo vidogo ambavyo nje huvioni kabisa.

Saa 10 jioni nahamia kwenye jedwali la sifa za mifupa, la kutafutia nani ni ndugu wa nani. Kila mnyama ana mstari wake, kila sifa inapewa 0 au 1, na pasipo na mfupa unaweka alama ya kuuliza. Watu wanadhani hapa ni kujaza jaza tu, hapana, hapa ndo kila kitu kinaamuliwa. Mchukulie Elaphrosaurus wa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, aliyepewa jina na Werner Janensch mwaka 1920. Mifupa yake iko Berlin, fuvu halikupatikana. Ana muundi mrefu kuliko paja, mwili mwembamba, mnyama wa mbio, kwa hiyo kwa muda mrefu wengi walimweka na wale dinosaria wanaofanana na mbuni. Lakini mwaka 2016 Oliver Rauhut na Matthew Carrano walieleza upya mifupa yake na kumweka kwenye ukoo wa noasauridi, ndani ya seratosauri, tawi moja la theropodi, karibu na Limusaurus wa China, ambaye utotoni ana meno na ukubwani hana hata moja. Miguu mirefu inakuja kwa yeyote anayeishi kwa kukimbia, haimaanishi ni ndugu. Undugu unautafuta kwenye vitu vidogo, kingo na mashimo ya pingili kama hii yangu, ndo maana sitaki mtu aniharakishe asubuhi.

Saa 12 jioni naendesha programu ya kutafuta mti wa ukoo wenye mabadiliko machache zaidi. Leo mnyama wetu ametua sehemu mbili tofauti zenye uzito sawa, kwa seratosauri na kwa wale walio karibu zaidi na ndege. Mwenzangu akaniambia, "Dada, tuna alama za kuuliza nyingi mno upande wa nyuma wa pingili." Ni kweli, upande huo bado uko ndani ya mwamba. Kesho naanza nao.