Ulaya sio nchi moja, hasa ukifika kwenye kibali cha kudumu

Wana Mbeya mnaojipanga kutoka, hasa nyie wa vyuo, nisomeni hapa. Nipo likizo nyumbani Uyole na kila kijana ninayekutana nae, kuanzia Mwanjelwa mpaka Tukuyu, anasema kitu kilekile: kaka mimi naingilia Italia, nikishapata kibali nahamia Ujerumani, si Umoja wa Ulaya sheria ni moja? Hapana jamani.

Visa ya Schengen, ile ya safari fupi, ndo moja kweli maana ipo kwenye kanuni, inashika nchi zote za Schengen kama ilivyoandikwa, mtu mzima wa kwetu analipa euro 90 popote atakapoomba. Ila ukaazi wa muda mrefu, yaani hicho kibali cha kudumu, upo kwenye direktivu ya mwaka 2003, na direktivu inaipa nchi lengo tu, halafu kila nchi inaenda kutunga sheria yake, na hapo ndo tunapoumia. Denmark na Ireland hawamo kabisa. Uholanzi walikuwa wanatoza maombi ya aina hiyo kuanzia euro 188 mpaka 830 wakati kitambulisho cha raia wao kilikuwa kama 30, hadi mahakama ya Umoja kule Luxembourg ikawakatalia mwaka 2012. Italia nao walikuwa 80 mpaka 200, wakakataliwa 2015. Miaka yote hiyo waliokuwa wanalipa ni wafagiaji na kina dada wanaolea wazee, inaniuma sana hii.

Na sisi wenyewe Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tunalo tangu 2010 lakini vibali vya kazi bado kila nchi na utaratibu wake.

Mpwa wangu kapata nafasi ya masters Italia, tukakaa na daftari tukapiga hesabu. Kupata kibali cha kudumu inatakiwa uishi huko miaka 5 mfululizo, ila ya masomo inahesabiwa nusu, kwahiyo masters ya miaka 2 inampa mmoja, na akiwa bado anasoma haruhusiwi kuomba. Akishakipata akitaka kuhamia nchi ya pili anaomba upya huko, na nchi hiyo inaruhusiwa kuangalia kwanza kama kuna watu wake wa kufanya ile kazi.

"Mjomba, sasa hicho kibali kina faida gani?"

Kinayo, ukiwa nacho hawakufukuzi kirahisi nchi iliyokupa. Ndo maana nikamwambia achague kwanza nchi anayotaka kuishi, chuo kifuate. Sasa hivi anatafuta vyuo vya Ujerumani, visa ya Italia hajailipia bado.