Sungura wanane, ndizi moja na mbu walionusurika

Pemba nzima inajua kufuga sungura. Nililigundua hilo siku boksi nne zilipoteremshwa botini Mkoani, kila boksi na wawili, weupe pe, macho mekundu. Mpaka natoka getini nilikuwa nimeshausiwa na wachukuzi wawili, dereva na muuza kahawa, na wote neno lao moja: "Watie na wenzao tu, watazoeana."

Sasa hawa si sungura wa mchuzi. Maabara yetu tunafuga mbu wa utafiti, na mbu jike hatagi mpaka anywe damu. Sungura tuliokuwa nao wa kuwanywesha mbu walishazeeka, ndiyo tukaagiza hawa kutoka bara. Mkuu wangu aliwataka waanze kazi baada ya wiki. Nikamwambia siku 21 za karantini, wakae mbali na wazee, tuone kwanza kama wana maradhi. Akakunja uso, nami nikajifanya natizama simu.

Karantini yenyewe ilikuwa stoo ya viti vibovu, upande wa pili wa uwanja. Tukaisafisha, tukaitia wavu madirishani na feni niliyoitoa nyumbani kwa ugomvi. Ukiacha feni, sidhani kama ilifika laki mbili. Kandambili zake mbali, koti lake mbali, na asubuhi nawahudumia wazee kwanza, wageni mwisho, sirudi tena kwa wazee siku ile.

Usiku wa kwanza hawakula. Asubuhi trei za mavi zilinitisha: badala ya vigololi vya ukubwa wa njugu mawe, vimetoka vichache kama pilipili manga. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kusimama. Akikaa siku nzima hajala, utumbo unalala, na ukilala kuuamsha ni kazi. Kwa hiyo nikafanya alichokatazwa kila mwanafunzi wa mifugo. Nikahaha. Nikanunua matembele, nikanunua kabichi, nikarudia mchicha, nikawapangia kama mezani kwa bi harusi. Wawili wakala kabichi. Saa za alasiri wakawa wanaharisha. Jamaa mmoja wa duka la dawa akaniambia nitie amoksilini kwenye maji. Wallahi ningemsikiliza ningezika wote wanane. Dawa hiyo sungura akiinywa inaua vijidudu vyema vya tumboni, wabaya wanabaki peke yao na nyumba.

Aliyeniokoa ni mlinzi wetu, mvuvi mstaafu, hajawahi kufuga hata kuku. Alikuja kuamkiana, akasimama mlangoni (kuingia nilimkataza), akatizama kitambo.

"Mwanangu, chupa zako hizi jana ulizijaza mpaka wapi?"

"Mpaka juu, ami."

"Na leo ziko wapi?"

Juu. Zote nane! Na mimi na shahada yangu nilikuwa nahangaika na kabichi. Nikampigia aliyetuuzia: kumbe kwake walikunywa kwenye vibakuli, na chakula chao pumba za mahindi na majani. Chuchu ya chupa hawajaiona maishani, na peleti, vile vipande vya chakula kilichoshindiliwa, hivyo hivyo. Sungura mwenye kiu hali, hata umtilie nini.

Nikaweka mabungu mazito ya udongo, yale hayapinduki, wakanywa hadi nikaona haya. Lakini mabungu hayawezi kubaki, wanayakojolea. Ndipo nikapata hila ambayo mpaka leo najisifia. Nilichukua ndizi kisukari iliyoiva sana, nikapaka utando mwembamba tu kwenye ncha ya chuchu. Sungura ananusa, analamba, kigololi cha chuchu kinarudi ndani, maji yanamdondokea ulimini. Anashtuka. Analamba tena. Siku ya tatu saba walishajua. Wa nane, jike mmoja mkaidi, alilamba ndizi akaenda zake hadi siku ya tano. Ndizi moja ilinitosha siku zote hizo, iliyobaki anakula ami.

Peleti niliwaingiza polepole: robo peleti na pumba robo tatu, halafu nusu, mpaka siku ya nane au tisa pumba zikaisha. Ukoka mkavu hawakukosa hata siku moja; niliukata mwenyewe, nikauanika juu ya bati, nikauleta kwa pakacha. Kila asubuhi nawapima kwa mzani na beseni. Mke wangu aliposikia akasema yeye alipoolewa hakupimwa.

Na joto la kaskazi! Sungura hatoi jasho, kazi kubwa inafanywa na masikio. Nikawa nagandisha chupa za maji, nazifunga kwa kipande cha kanga, wanazilalia.

Siku ya 11 mmoja akaanza kutikisa kichwa na kujikuna. Nikamulika sikio: magamba ya kahawia, yamepandana. Utitiri wa masikio. Jirani yake naye akiwa nao kidogo. Magamba usiyabandue, yanauma sana. Niliyalainisha kwa mafuta ya nazi, yakadondoka yenyewe baada ya sindano. Sindano ni ivamektini, dawa ya kuua wadudu, na ya pili baada ya siku 14.

Hapo ndipo mkuu wangu aliponyamaza. Maana mbu akinywa damu ya mnyama aliyepata ivamektini, anakufa. Tungewachanganya siku ya saba, utitiri ungehamia kwa wazee, ningelazimika kuwadunga wote, na mbu wetu, ukoo tuliouendeleza kwa miaka, wangebaki hawana pa kunywa isipokuwa sumu.

Sita waliingia kazini, si siku ya 21 bali ya 30, maana niliongeza. Wale wawili tuliwaweka kando miezi miwili baada ya sindano ya mwisho. Juzi nimeulizwa kama ile stoo inaweza kurudishiwa viti. Nimesema ufunguo anao ami.