Daftari la Mwaloni

Baba mdogo alitaka marumaru. Mwaka ulikuwa umetimia tangu tumzike baba, na yeye hakuona vipi mfanyabiashara wa dagaa anayejulikana soko zima la Mwaloni, Mwanza, alale chini ya saruji tupu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongeza chai, akasema, "Shemeji, hela hiyo nimeshaipangia kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa daftari la baba. Ukilitazama juu juu, ni daftari la madeni kama la mchuuzi yeyote wa Kirumba: magunia, majina, tarehe. Ila katikati ya wanunuzi kulikuwa na watu ambao hawajawahi kununua dagaa hata kisado. Nauli ya meli kutoka Nansio. Dawa ya macho. Fimbo nyeupe. Sare za shule. Hao ni wasioona aliokuwa akihangaika nao miaka yote, na kila mmoja ameandikiwa kiasi chake kama mdaiwa mwingine.

Mambo hayo yalianzia kwa bibi. Alikaa gizani akiamini amerogwa, kumbe ni mtoto wa jicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baba akampandisha kilimani, hospitali ya Bugando, akapasuliwa, akarudi na miwani ya enzi zile, minene kama kitako cha chupa. Akaanza kuchambua mchele mwenyewe. Tangu hapo baba akisikia kuna mzee haoni huko Ukerewe, anatuma nauli na kwenda kumpokea bandarini. Si wote waliopona. Mtoto wa jicho huondolewa, lakini presha ya macho ikishaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, hakuna upasuaji wa kurudisha kilichopotea. Baba alijifunza kutoahidi kitu. Na hao ambao hospitali haikuwa na la kuwafanyia ndio aliodumu nao zaidi.

Sasa mama alitaka daftari liandikwe kwa nukta nundu, ili waliomo wajisomee wenyewe. Akamtafuta mwalimu mmoja asiyeona, binti ambaye sare zake zilikuwa humo humo daftarini. Jioni mama anasoma kwa sauti, binti anapiga mashine yake ya vitufe sita. Mwandiko wa baba ulikuwa balaa. "Hapa ameandika nini huyu?" mama anauliza, utadhani mwenyewe yuko chumba cha pili. Daftari moja likageuka lundo la karatasi nene.

Tarehe 15 Oktoba 2016, Siku ya Fimbo Nyeupe, wakaja nyumbani. Tulipika sato. Nilikaa karibu na mzee mmoja, mpokea simu mstaafu aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma. Nikajitia kumchambulia samaki. Akaivuta sahani kwake kwa upole. Miiba aliitoa mdomoni mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani, na sahani yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Baada ya kunawa, karatasi zikagawiwa. Mzee akapitisha vidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Elfu nane, nauli," akasema. "Sikujua kama aliandika."

Akatoa pochi. Noti zake zilikunjwa kila aina kwa namna yake. Akachomoa iliyokunjwa mara mbili, elfu kumi, akamnyooshea mama.

"Nirudishie elfu mbili, shemeji."

Mama akaipokea. Akaingia ndani kutafuta chenji.

Baba mdogo alikuja juu. "Shemeji, utachukuaje hela ya kipofu? Mbele za watu?"

"Kaka yako alimwandika deni," mama alijibu. "Nikimkatalia, nitakuwa nimemgeuza ombaomba nyumbani kwangu."

Mimi nilikuwa upande wa mama. Makaburini tulitangaza kama ilivyo desturi, anayedaiwa na marehemu aione familia. Wanunuzi wenye macho yao mawili na madeni ya malaki, hakutokea hata mmoja.

Mzee alihesabu chenji yake kwa vidole, akaikunja. Kisha akaitandaza karatasi mezani na kuanza kuzisugua nukta za mstari wake kwa ukucha wa kidole gumba, moja baada ya nyingine, mpaka zikalala kabisa. Wengine wakaanza kutafuta majina yao. Wawili watatu walilipa, mmoja akaomba apewe mpaka mwezi ujao, na mama akakubali bila maneno.

Alasiri tukawasindikiza wa Ukerewe kwenda kuwahi meli. Getini baba mdogo, labda kwa kutaka yaishe, alimshika mzee mkono na kuanza kumvuta. Mzee akajinasua.

"Kijana, lete kiwiko, mimi ndiye nitakayekushika. Ina maana kaka yako hakukufundisha?"