Mbuni wangu kando ya dirisha

Hamburg, Januari

Mbuni, mti wangu wa kahawa, umetoa majani mapya wiki hii. Saa kumi na moja jioni giza linaingia, nje kuna barafu, nao umetoa majani. Hutoka mawili mawili yakitazamana, membamba, laini, yanang'aa. Nimeyatazama asubuhi nzima.

Wageni wakiuona huuhurumia. Maskini, wanasema, umelikosa jua la kwenu. Mimi sioni hivyo. Arabika ni mti wa kivulini, asili yake misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, chini ya miti mikubwa. Hata kihambani kwa bibi, shamba la nyumbani kule Kilimanjaro, mibuni ilikaa chini ya migomba, na juu ya migomba kulikuwa na miti mirefu, mringaringa na mruka. Jua liliufikia mbuni likiwa limeshachujwa mara mbili. Ndiyo maana nimeuweka kwenye dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Jua kali la mchana likipenya kiooni moja kwa moja, majani huungua.

Kinachoutesa hapa ni hewa kavu ya hita. Ncha za majani hukauka zikawa kahawia, na utitiri hupenda sana hali hiyo. Kwa hiyo chungu kinakaa juu ya sinia ya kokoto zenye maji, na majani nayafuta kwa kitambaa kibichi, moja moja, juu na chini. Ni kazi ya taratibu, na ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote katika juma. Namwagilia maji ya mvua nikiyapata, maana mbuni hutaka udongo wenye asidi kidogo na maji ya bomba yana chokaa. Usiku wa baridi kali nausogeza mbali na kioo; joto likishuka chini ya nyuzi 10 huanza kuumia.

Kulelewa ndani ya nyumba si jambo geni kwa mti huu. Mwaka 1706 mche uliotoka Java ulifikishwa kwenye bustani ya mimea ya Amsterdam, na mwaka 1714 mmoja wa uzao wake ukapelekwa Paris kwa mfalme Louis XIV. Ulitunzwa katika nyumba za vioo, na kutoka kizazi hicho ikapatikana mibuni mingi ya Karibi na Amerika ya Kusini. Nikilifikiria hilo, naushika mti wangu kwa heshima zaidi.

Mama kila tukizungumza kwa simu huuliza kama umeshachanua. Bado, mama. Huchukua miaka mitatu, minne, na ndani ya nyumba hata zaidi. Lakini arabika hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mti mmoja unatosha kuzaa buni. Machi, siku zikianza kurefuka, nitauhamishia chungu kikubwa zaidi na kurudia kuutia mbolea.