Ufunguo wa Kabati la Vioo

Mwaka jana niliomba nafasi katika mafunzo ya uongozi kwa wakutubi nikakosa, na mwaka huu nimeomba tena nikapata. Wenzangu kadhaa wa maktaba nyingine za hapa Mwanza wameniuliza yalivyokuwa, kwa kuwa tangazo lilisema tu kwamba ni mafunzo ya siku sita ya kulala hukohuko, kando ya ziwa upande wa Nyegezi, na kwamba mwombaji asiwe amezidi miaka kumi kazini. Nimeona niyaandike mara moja badala ya kuyasimulia kila ninapopigiwa simu.

Nianze na kukosa. Kwa muda mrefu niliilaumu barua ya msimamizi iliyotakiwa kwenye maombi, ambayo ilikaa kwenye trei ya barua zinazosubiri saini hadi siku ya mwisho ya kupokea maombi ikapita. Lawama hiyo ni ya kweli lakini si yote. Fomu ilikuwa na swali moja kubwa, lililomtaka mwombaji aeleze kwa maneno yasiyozidi 500 wakati alipowaongoza watu ambao hakuwa na mamlaka juu yao, nami nikalijibu kwa kuandika kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nilimwonyesha mfanyakazi mwenzangu baada ya kukosa, akasoma hadi mwisho kwa upole, kisha akasema, "Dada, hii ni barua ya kuomba kazi ya kulinda geti."

Safari ya pili niliandika kuhusu mchwa. Wakati wa masika walikuwa wamepanda ukutani katika chumba cha maktaba ya chuo chetu tunamohifadhi magazeti yaliyojalidiwa, wakaanza na rafu ya chini, na nilipovuta jalada la kwanza lilibaki gamba tupu mkononi, kurasa zote zimekuwa udongo mwekundu. Sikuwa bosi wa wafanya usafi, wala wa fundi seremala, wala wa wanachuo waliokuwa wakijiandaa na mitihani. Nilimwendea kila mmoja kwa njia yake: kiongozi wa wanachuo nilimwonyesha lile gamba, fundi nilimwomba mbao za kuazima na si za kununua, na mawe ya kuinulia rafu tuliyaokota mlimani nyuma ya chuo, maana kama kuna kitu ambacho Mwanza hakijawahi kuadimika ni mawe. Kwa siku mbili tulihamisha kila kitu. Niliieleza kazi hiyo ilivyokuwa, pamoja na majalada tuliyoyapoteza, bila kujisifu hata mara moja. Barua ya msimamizi niliipeleka mwenyewe kwa Mkuu wa Chuo ikiwa na tarehe ya mwisho imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu, nikakaa kwenye benchi la nje hadi ikatoka. Anayetaka kuomba mwakani na azingatie benchi hilo.

Tulikuwa watu ishirini na wawili, wengi kutoka Mwanza, Mara, Kagera, Geita na Simiyu, na wawili kutoka Kisumu. Tulilala wawili wawili chumbani, simu ziliwekwa kwenye kikapu cha ukili wakati wa vipindi, na sato alipikwa vizuri kiasi kwamba wenzetu wa Bukoba waliacha kuulizia ndizi siku ya pili tu. Mwezeshaji alitueleza kwamba mafunzo ya aina hii, ya kuwatoa wakutubi wachanga kazini na kuwaweka pamoja kwa siku kadhaa, yalipata umaarufu kuanzia mwaka 1990 huko Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah nchini Marekani, kwa juhudi za maktaba ya jiji la Salt Lake, na kwamba Kanada na Australia walifuata katika muongo huohuo. Sababu ya kulala hukohuko niliielewa baadaye. Ukijibiwa jambo linalokuuma saa tisa alasiri, huna daladala ya kupanda ukalisahau nyumbani. Utakula chakula cha jioni na mtu yuleyule aliyekujibu.

Si kila kipindi kilikuwa na thamani. Siku ya kwanza tulipewa dodoso la kupima hulka, tukagawanywa katika makundi ya rangi nne, mimi nikawa wa kijani, na hadi leo sijui kijani hicho nikipeleke wapi.

Jambo lililonigusa lilitokea siku ya tatu. Kila mmoja alitakiwa kusimama dakika tatu mbele ya wawezeshaji waliojifanya kamati ya fedha, aombe bajeti ya maktaba yake. Nilijiandaa usiku mzima. Nikaeleza idadi ya vitabu tulivyonavyo, jinsi tulivyovipanga kwa mfumo wa Dewey, ule wa kukipa kila somo namba yake, jinsi daftari la usajili lilivyo safi bila namba iliyorukwa, na jinsi vitabu vipya vilivyo salama ndani ya kabati la vioo ambalo ufunguo wake huwa nao mimi. Aliyejifanya mwekahazina alinisikiliza, akavua miwani, akauliza, "Sawa, mama. Katika hivyo vya kabatini, mwezi uliopita vilisomwa vingapi?" Nikanyamaza. Nilijua namba ya usajili ya kila kitabu mle ndani, lakini sikuweza kumtaja msomaji hata mmoja.

Aibu yenyewe ilikuwa kwamba jibu nililifahamu tangu nilipokuwa chuo cha ukutubi Bagamoyo. Kila mkutubi amekariri kanuni tano za maktaba ambazo Mhindi S. R. Ranganathan alizichapisha mwaka 1931, na ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Katika kuifafanua alikumbusha kwamba Ulaya ya zamani vitabu vilifungwa kwenye rafu kwa minyororo ya chuma. Darasani tulikuwa tukiicheka minyororo hiyo, na siku ile nilikuwa nimetoka kuisifu yangu mbele ya watu.

Usiku niliyaongea na mwenzangu wa chumbani, mkutubi wa Musoma aliyenizidi umri, tukiwa tumekaa juu ya jiwe kubwa lililoingia majini. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na huo ndio msimu wa wavuvi wa dagaa, hivyo taa zao zilijaa ziwani hadi mtu angedhani kuna mji mwingine ng'ambo. Nilimwambia sikulifunga kabati kwa uchoyo. Mkaguzi akija huuliza kitabu chenye namba fulani kiko wapi, na kisipoonekana ni mimi ninayeandika maelezo. Tangu nianze kazi hajatokea aliyeniuliza nani alikisoma. Ukimpima mtu kwa kisichopotea, atakufungia milango yote kwa moyo mweupe kabisa. Mwenzangu hakubishana nami juu ya mkaguzi. Aliuliza tu, "Na wewe umewahi kumpelekea Mkuu wako hesabu nyingine yoyote, tofauti na hiyo ya namba?" Sikuwahi. Kila robo mwaka nilipeleka taarifa ya vitabu vilivyopo na vilivyochakaa, nikarudi kulalamika kwamba uongozi hauithamini maktaba.

Kwa maoni yangu hapo ndipo yalipokuwa mafunzo, kuliko katika dodoso na rangi. Nilikwenda nikidhani uongozi ni kupata sauti mbele ya wakubwa, nikagundua kwamba sauti nilikuwa nayo kila robo mwaka, kwa karatasi yenye muhuri, nami niliitumia kusema yasiyomsaidia msomaji. Siku zilizobaki tulifundishwa kuandika taarifa fupi ya ukurasa mmoja inayoanza na wasomaji, tukazisahihishiana wenyewe kwa wenyewe bila huruma. Yangu ilirudishwa mara nne. Mwenzetu mmoja wa Kisumu alifuta neno "uhifadhi" kila alipolikuta, nikamkasirikia, kisha nikaona sentensi zinasimama bila hilo neno.

Niliporudi nilimwomba Mkuu ruhusa ya kuliacha kabati wazi saa za kazi, vitabu visomwe humohumo ndani, na kila anayechukua kimoja asaini kwenye daftari lililofungwa kwa kamba mezani. Aliniuliza swali nililolitarajia: kikipotea je? Nikamjibu kwamba vitapotea vichache, na kwamba nikiandika taarifa ya upotevu nitaiambatanisha na orodha ya waliokisoma, ili anayepima hasara apime na faida. Alifikiri kidogo akasema, "Haya, Mama Maktaba, tujaribu muhula mmoja." Jumatatu iliyofuata niliuning'iniza ufunguo kwenye msumari nyuma ya meza ya kuazimia. Kijana wa mwaka wa kwanza alisimama mbele ya kabati lililo wazi kwa dakika nzima, mikono nyuma, akaja kuniuliza kama vitabu hivyo vinauzwa.

Wiki ya tatu kitabu kimoja cha saikolojia ya malezi hakikuonekana. Nilikitafuta chini ya meza, nyuma ya rafu na katika mabweni, nikatangaza kwenye mkutano wa asubuhi, hakikutokea. Nimekiandikia taarifa ya upotevu, nikaambatanisha nakala ya kurasa za daftari zenye saini kumi na nne za waliokisoma kabla hakijapotea, nikaipeleka mwenyewe ofisini. Iko kwenye trei, na kesho asubuhi nitakwenda kukaa kwenye benchi.